Godoro la Mzee Shemndolwa

Tangu kila mtu awekewe kidude cha kusemesha mgongo, Mzee Shemndolwa hakuwa na raha nyumbani kwake. Mgongo ukisalimiwa hujibu, na haujui kuficha.

Asubuhi hiyo godoro lilitakiwa kuanikwa. Mzee akajishika kiuno, akakunja uso. "Mama Zaina, leo siwezi. Mgongo umekaza."

Mkewe hakubishana naye. Aliinama nyuma yake akauliza, "Mgongo, hujambo?"

"Sijambo kabisa!" mgongo ukaitika kwa furaha. "Pingili zote ziko sawa. Jana tumeinamia bao saa nne nzima, wala hatukuchoka."

Mama Zaina alicheka hadi machozi, kisha akajitwika godoro mwenyewe kama kawaida yake.

Mzee, aliyekuwa ameumbuka vibaya, akamfuata mbio uani apate kulipiza. "Na wewe je, mgongo wa Mama Zaina, hujambo?"

Kicheko cha mkewe kikakatika.

"Miaka tisa nina sauti," mgongo ukasema taratibu, "na leo ndiyo kwanza nasalimiwa humu ndani. Mpokee mwenzio godoro, baba, kisha utafute kiti. Maneno ni mengi."