Watu Waliokuja Kumwona Simsim

Peninah alikuwa akimnyonyoa mbwa kwa vidole, unywele mmoja mmoja, kama mtu anayesafisha kuku wa sikukuu. Mkasi ulikuwa umekatazwa.

"Mbwa wa aina ya teria hakatwi manyoya, Mama Nekesa," mumewe alimwambia jana akiwa kwenye kitanda cha hospitali. "Ukimpitishia mkasi, jaji akimgusa tu atajua."

Basi hakumkata. Simsim, mtoto wa mbwa wa miezi tisa, rangi yake kama simsim iliyokaangwa, alisimama juu ya meza akitetemeka. Ukumbi mzima, huko pembeni mwa Birmingham, ulikuwa ukivuma kwa kubweka.

Mbwa alikuwa wa Fanuel, mumewe. Miaka ishirini na miwili aliendesha basi la Soho Road, na alipostaafu akasema anataka jambo moja tu la kumfurahisha: kupeleka mbwa wake kwenye maonyesho. Wakenya wa kanisani walicheka hadi machozi. Mbwa wa kulala ndani! Mbwa mwenye cheti kilichoandikwa majina ya babu zake! Halafu, wiki mbili kabla ya siku yenyewe, moyo ukamwangusha Fanuel jikoni, akalazwa kule karibu na Bordesley Green. Peninah akataka kuyaacha maonyesho. Mzee akakataa katakata.

"Nenda wewe. Niletee ua la utepe wanalopewa washindi, hata likiwa la mwisho. Nitalitundika hapa, hawa manesi waache kunicheka."

Ndicho kilichomtoa nyumbani alfajiri hiyo. Utepe wa Fanuel, basi.

Achieng, nesi wa hospitali hiyohiyo na jirani yao pale Erdington, ndiye aliyemleta kwa gari. Mkoba wa Peninah alikuwa nao yeye, na simu pia. "Huwezi kushika mbwa na simu, Mama." Baadaye simu yake mwenyewe ikalia, akatoka nje. Alikaa huko muda mrefu.

"Nani huyo?" Peninah aliuliza aliporudi.

"Ni kazini."

"Wanataka urudi? Nenda, mimi nitapanda treni."

"Siendi popote." Achieng alikuwa anamtazama mbwa. "Mama, umekula kitu?"

"Nitakula nikimaliza. Hebu nipe simu nimwambie Baba Nekesa tumefika."

"Mwache apumzike. Maliza mbwa."

Haikupita saa nzima, Mzee Mugambi wa kanisani akatokea, amevaa suti nyeusi siku ya Jumamosi, na nyuma yake akina mama wawili wa kwaya. Mzee Mugambi, ambaye aliapa mbele ya watu kwamba hatakaa chumba kimoja na mbwa!

"Mzee, leo umekuja kutubu ulivyomsema Simsim?" Peninah alimchokoza.

Mzee alitabasamu upande mmoja. "Kimbia naye vizuri, Mama." Kisha akatazama saa, akatazama mlango.

Mara Rukiya naye huyo, jirani wa ukuta mmoja, Msomali aliyekulia Garissa. Kila siku Rukiya hukusanya buibui lake Simsim akipita, asije akarambwa, ikambidi ajitwaharishe na kuchelewa swala. Leo alisimama kando ya meza, na mbwa aliponyoosha ulimi akamramba mkono, hakuuondoa.

"Weee Rukiya! Utaosha mara saba!"

"Nitaosha," alisema Rukiya taratibu. "Maji yapo."

Moyo wa Peninah ulijaa. Miaka yote aliyoishi nchi hii, akiosha wazee wa watu na kusukuma viti vyao, hakuna aliyewahi kuja kumtazama akifanya lolote. Leo wamekuja, tena na chupa ya chai. Kumbe wanampenda Fanuel kiasi hiki, alijisemea. Kumbe kucheka kule kulikuwa kucheka tu.

Namba yake ikaitwa.

Jaji alikuwa mama mrefu mwenye mikono mikubwa. Alifunua midomo ya Simsim akatazama meno, akampapasa mbavu, akainua mkia. Simsim alitulia tuli, macho kwenye kipande cha ini kilichokuwa katika vidole vya Peninah. Kisha wakaambiwa wakimbie, kwenda na kurudi. Magoti ya Peninah yalilalamika, lakini alikumbuka maneno ya Fanuel: legeza kamba, usimwangalie mbwa, angalia unakokwenda. Akaangalia mbele. Simsim akatiririka kando yake kama maji.

Jaji akaonyesha kidole. Wa kwanza. Wa pili. Kidole kikasimama kwa Peninah.

Wa tatu! Utepe wa manjano.

Watu wake walipiga makofi, ila polepole, kama wanaogopa kuamsha mtoto. Mama mmoja wa kwaya alikuwa analia waziwazi. Peninah alicheka. "Kwa mbwa wa tatu unalia hivyo? Angekuwa wa kwanza je?"

Hapo akamwona Nekesa mlangoni, binti yake, aliyesema yuko zamu huko Leeds hadi usiku. Amevaa viatu vya kuvalia ndani.

"Hata wewe! Umeacha kazi sababu ya mbwa?" Peninah aliuinua utepe juu. "Njoo mama, twende mbio. Baba yako tutamkuta saa ya kuona wagonjwa haijaisha."

Nekesa alimkumbatia, asimwachie. Rukiya akaichukua kamba ya mbwa. Wengine wakasogea wakawazunguka, na Achieng akavuta kiti.

Mzee Mugambi akavua kofia.

"Sasa tumetimia," alisema. "Keti, Mama Nekesa. Hatukutaka uambiwe kwa simu, wala uambiwe ukiwa peke yako. Baba Nekesa alituacha asubuhi, saa tatu na nusu."