Vijiti vya Kailemia

Kijiti kilikataa kung'oka.

Maua yangu marefu ya dalia yalikuwa yameisha, nikawa nayakata kwa panga hadi chini ili yachipuke tena mvua ikija. Upepo wa Aprili ulikuwa umeyalaza yote. Shemeji yangu Kailemia, ambaye shamba lake limepakana na langu, alikuja bila kuitwa, akayasimamisha kwa vijiti na kuyafunga kwa kamba za mgomba. Nilimshukuru hata kanisani.

Nikainama. Kwenye kijiti chenyewe kulikuwa kumetoka majani mawili marefu, kijani kabisa. Nikayajua. Ni ule mmea ambao huku kwetu watu hupanda kuonyesha mpaka wa shamba.

Nikakata shina la pili, majani. La tatu, majani. Vijiti vyote vilikuwa vimepangwa laini moja, ndani ya shamba langu. Nikaangalia ng'ambo, pale nilipopanda mmea huo na marehemu mume wangu. Ulikuwa umeng'olewa; niliona nyasi za ng'ombe wa Kailemia tu.

"Shemeji, si ungengoja mpima ardhi apite kesho?" Kailemia alikuwa amefika, anahema. "Maua ni urembo wa boma."

"Yameisha."

"Basi vijiti usiguse. Vitashikilia mengine."

"Vimeota, Kailemia."

Akacheka kidogo, macho yakiwa kwa panga. "Ni vile udongo wako ni mzuri."

"Udongo wangu," nikasema. "Hivyo hivyo utamwambia mpima kesho."

Nikaweka panga chini, nikachukua jembe kuchimbua kile kijiti cha kwanza.