Kura ya Kumfukuza Bibi Kadi

Kura kumi na moja zilitaka afukuzwe. Moja ilipinga, na hiyo alikuwa ameipiga mwenyewe.

Bibi Kadi alisogeza miwani, akasoma tena mashtaka yake kwenye skrini. Vijana wa jukwaa la wapenzi wa kompyuta hawakumung'unya maneno. "Wewe si mtu, ni roboti. Unasalimia kabla ya kuuliza. Unaweka nukta kila sentensi. Hujawahi kutuma hata emoji moja. Mtu gani anaandika hivyo?"

"Mtu aliyelelewa," akajibu, na nukta akaiweka.

Alikuwa na miaka sabini na minne. Jina la Kadi alilipata enzi za kompyuta zilizojaza chumba kizima, alipokuwa akizilisha kadi za matundu. Ukikosea tundu moja, kazi ya siku nzima imekwenda na maji. Ndiyo maana hadi leo hakutuma neno bila kulisoma mara mbili. Hawa wa siku hizi hutuma kwanza, kufikiri baadaye, na wakikosea wanacheka.

Jukwaa alilianzisha yeye na wenzake wanane wa chumba cha mashine, na sheria yake aliiandika kwa mkono wake: wengi wakiamua, imekwisha. Walibishana humo miaka ishirini. Kisha kifo kikaanza kuwachukua mmoja mmoja, mpaka akabaki peke yake, anaandika asubuhi na kujisomea jioni. Upweke ule ulimtia hofu kuliko kaburi. Wiki moja baada ya mazishi ya mwenzake wa mwisho, vijana kumi na mmoja wakajiunga kwa mpigo, kelele zikarudi. Walikuwa wajuaji, wakaidi, hawana breki mdomoni. Aliwapenda vibaya sana.

Sasa walikuwa wamempa hadi saa kumi jioni awe amejitetea, ama sivyo jina lake lifutwe.

Binti yake aliingia na kikombe cha chai, akasoma juu ya bega la mama yake.

"Mama, si uachane nao? Nikuunge kwenye kundi letu la simu. Kule watu wana heshima, kila asubuhi wanatumiana maua."

"Maua ya nini, mimi mgonjwa? Mimi nataka ubishi."

"Basi usilalamike. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Huo ubishi umewafundisha wewe."

"Na nimefundisha vizuri!" Bibi Kadi alisema, kifua mbele.

Ujumbe mpya ukaingia: "Tuma picha yako umeshika gazeti la leo, yaishe."

Damu ikamchemka. Angeweza kupiga picha hiyo kufumba na kufumbua, gazeti lilikuwa pale pale mezani. Lakini aombwe kitambulisho kwenye nyumba aliyoijenga? Ng'o!

"Sitoi picha," aliandika. "Nimezungumza na mashine miaka hamsini, na hakuna hata moja iliyowahi kunidai sura. Nipimeni kwa hoja zangu. Mkiona hazitoshi, nifukuzeni, lakini mtanisikiliza mpaka mwisho."

"Hoja hata roboti anazo," wakamjibu, kumi na mmoja kwa sauti moja.

Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro dakika nne. Bibi Kadi alikunja mikono ya gauni. 

Binti alishindwa kuvumilia. Aliweka kikombe, akainama chini ya meza na kushika waya wa umeme wa kompyuta.

"Nichomoe, Mama? Wazimike wote kumi na mmoja, kesho utengeneze wengine wenye adabu."

Bibi Kadi aliupiga mkono ule kofi, akavuta kibodi karibu, akaendelea kuwathibitishia kwamba yeye ni mtu.