Mtani Kwenye Matanga ya Hondohondo

Kasuku alikuwa mtani wa ukoo wa Hondohondo, na mtani ana ruhusa ya kumkejeli marehemu matangani. Mke wa Hondohondo alipofariki, Kasuku alifika mapema.

"Poleni wafiwa," alisema, "ingawa sasa msitu mzima utalala. Ile haikuwa sauti, jamani. Ilikuwa bawaba kavu! Ilikuwa ukoko unaokwanguliwa chunguni! Bwana Hondohondo, nimekosea?"

"Hukukosea," akajibu mfiwa. "Mimi niliiita msumeno. Majina yote ninayo, mtani. Lakini sauti yenyewe imeanza kunitoka."

Kasuku, aliyejua kuiga kila kiumbe, akapanua mdomo. Akalia kama marehemu alivyolia ndani ya tundu la mti, alipokuwa akiatamia na kungoja mumewe amletee chakula. Sauti ilikwaruza hadi Njiwa akaziba masikio. Waombolezaji wakaangua kicheko.

Hondohondo peke yake hakucheka. Alisogea, akakaa ubavuni mwa Kasuku.

"Rudia, mtani. Ila mwishoni aliipandisha kidogo, akidhani nimechelewa."

Kasuku akarudia, na mwishoni akaipandisha.

"Nakuja," akaitika Hondohondo.