Majina Kumi na Manne Ukutani

King'ora kilikuwa kimelia dakika kumi nzima, na katika kituo cha zimamoto cha mji wao mdogo katika jimbo la Iowa, Marekani, walikuwamo watu wawili tu: Ardith, na karani wa mji, mzee wa miaka themanini na mmoja.

Mume wa Ardith alikuwa amezama hadi kifuani ndani ya mahindi yaliyojaa ghalani. Kila alipotoa pumzi, punje zilimbana zaidi.

"Wengine wako wapi?" Ardith alifoka, akipiga ubao wa majina ya wazimamoto wa kujitolea kwa kiganja. "Hapa mmeandika watu kumi na wanne."

"Mama, si unawajua? Wawili tumewazika. Kumi na mmoja wamehama. Anayebaki ni mimi, na mgongo wangu huu."

"Sasa mbona hamkuwafuta?"

Mzee akamtazama kama mtu aliyechoka kuulizwa. "Mwaka jana nilisimama hapo hapo na brashi ya rangi. Nani aliyeninyang'anya?"

Ni Ardith aliyekuwa ameinyakua brashi ile. Alisema siku ile kwamba mji ukionekana hauna watu, watafunga hata kituo. Lakini jina la kwanza ubaoni lilikuwa la mwanawe, aliyehamia Denver miaka tisa iliyopita, na mama hapendi jina la mwanawe lifutwe popote.

Kamba ya uokoaji huvutwa na watu wanne.

Ardith akaitupia begani, akamkabidhi karani koleo.

"Haya, tembea, mzee wangu."