Mrembo wa Mkoa Aja Kigwa

Mrembo wa Mkoa aliingia uani akikimbia, taji kichwani, utepe wa ushindi begani, raba amezikanyaga visigino kama ndala. Akazizunguka sufuria za wali mara mbili, akihesabu kwa sauti nyembamba.

"Moja, mbili! Moja, mbili! Bado kilomita kumi na tatu!"

Watu wakaangua kicheko. Walikuwa wamejaa hapo tangu juzi, wanawake kwenye mikeka, wanaume chini ya turubai, na wengine walikuja kwa treni kutoka Urambo na Kaliua. Vijana walivaa fulana nyeupe zenye picha ya Kalunde kifuani. Kigwa haijawahi kupata jina kubwa namna hiyo, jamani. Binti wa muuza karanga wa stesheni awabwage wasichana wa mjini na saluni zao zote!

Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Mwamvita, mama yake Kalunde, alikaa karibu na mlango, kajifunika kanga mpaka kwenye paji la uso. Tangu Jumatatu hakula wala hakusema neno, na hiyo ilikuwa Jumatano. Dada zake walimbembeleza kwa uji, kwa chai, kwa maziwa, wapi! Na yule mama ana ugonjwa wa sukari. Mganga wa zahanati alishawaambia wazi kwamba akiendelea kususa chakula hivyo, hataiona Ijumaa.

Hasira yake kila mtu aliijua. Tangu Kalunde avishwe taji, kocha Gerson alimweka kambini mjini kumwandaa kwa shindano la taifa. Alfajiri, mbio za kilomita kumi na tano. Mchana, yai moja. Jioni, maji ya ndimu. Katikati ya hapo ziara: leo shuleni Urambo kugawa daftari, kesho wodi ya wazazi kugawa sabuni. Kila anapofika anatabasamu na kuimba, maana muziki ndio uliokuwa ugonjwa wake yule binti. Hata akiosha vyombo nyumbani, alikuwa anapiga ngoma kwenye sufuria mpaka majirani wanaitikia. Siku moja Mama Mwamvita alifunga safari na hotpoti ya ugali na mlenda. Akarudishwa getini.

"Mama, unamharibia mtoto," Gerson alimwambia.

Sasa Gerson mwenyewe alikuwa hapo hapo uani, kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele, miwani ya jua usoni, na wajumbe wawili wa kamati pembeni yake. Alikuja na gunia la mchele. Mtu hana haya!

Mrembo aliokota majani makavu, akawagawia watoto mmoja mmoja.

"Daftari hizo wanangu, someni mfike mbali! Mpiga picha yuko wapi? Mimi sitabasamu bure!"

Akapunga mkono kwa mapozi huku na huku. Kisha akauanzisha ule wimbo wa kulima ambao Kalunde hakukosa kuuimba kwenye ziara yoyote, na wanawake wakaitikia kwa makofi. Mama Mwamvita akaishusha kanga kidogo, akatazama. Dada zake wakaona, wakafinyana.

Mrembo naye aliona. Akamgeukia Gerson.

"Shikamoo, kocha! Njoo unipime kiuno."

Gerson akatazama pembeni. Kujibu hakuweza, na kukasirika ndiyo kabisa, angechekwa na uwanja mzima.

"Au nimenenepa? Hebu ona, gauni linanibana mabegani! Kocha, nina njaa."

Gerson akairekebisha miwani yake.

"Kunywa maji!" mrembo akajijibu mwenyewe, kwa sauti nzito ya Gerson kabisa. Akarudi kwenye ile nyembamba. "Kocha, nasikia kizunguzungu." Nzito: "Kunywa maji!" Nyembamba: "Kocha, sioni njia." Nzito: "Kimbia!"

Mwanzoni watu walicheka. Kisha kicheko kikapungua, kikabaki cha watoto, nacho kikaisha. Mrembo alikuwa anakimbia tena, polepole, mkono kichwani. Akapepesuka. Akapiga magoti. Akaanguka kifudifudi mchangani, na taji likabingirika mpaka kwenye viatu vya Gerson. Hakuna aliyeliokota.

"Basi!" Mama Mwamvita akapiga ukelele. "Basi, inatosha!"

Hilo ndilo neno lake la kwanza tangu Jumatatu.

Mrembo akatambaa mpaka kwenye mkeka, akalala miguuni pake.

"Mama, nina njaa."

Mama Mwamvita akavuta sahani iliyokuwa imepoa pembeni yake. Akafinyanga tonge, akamlisha.

"Sili peke yangu, mama. Na wewe kula."

Akala. Tonge la kwanza lilimkwama, akalisukuma kwa maji. La pili likapita, na la tatu, huku analia kwa sauti, na machozi yanamdondokea kwenye mchuzi. Dada zake walikuwa wanalia pia. Gerson alishainuka, anapapasa mifuko kutafuta funguo za gari.

Sahani ilipobaki tupu, Mama Mwamvita alichukua ncha ya kanga yake, akampangusa mrembo mchanga uliomganda kwenye ndevu.

"Ahsante, mtani wangu," akasema. "Umemwiga barabara, Mzee Lukumani. Sasa vua nguo za mwanangu, kesho tunaanua matanga."