Ungo wa Bi Kidawa

Bi Kidawa alikuwa akichagua mchele wa harusi ya mjukuu wake. Miaka yote, hakuna aliyewahi kutafuna kijiwe katika wali uliopita mikononi mwake. Siku hizi kuona anaona, ila macho hayatulii. Kuku akipita, yanamfuata kuku. Kanga ikipepea kambani, yanakwenda huko, na yakirudi hajui tena alikuwa ameishia wapi.

Alitazama ungo mzima. Hakukuwa na kijiwe wala chuya hata moja.

“Shemsa,” alimwita mke wa mwanawe, “mchele huu mmeshauchagua?”

Shemsa aliinamia vitunguu vyake. “Tulitaka upumzike, mama.”

“Kupumzika ungenipa mkeka, si ungo.”



Bi Kidawa aliokota kijiwe kimoja karibu na mguu wake, cheupe kama mchele, akakitia ndani, akautikisa ungo. Kisha akaanza kukitafuta.

Kuku akapita.

Maji ya wali yalipochemka, Shemsa alikuja kuuchukua ungo. Bi Kidawa aliukamata kwa mikono miwili, hakuuachia, macho yake bado yakizunguka juu ya ule weupe.